Karatasi Isiyong'aa

Mimi huchagua daftari kwa shavu.

Wengine hutazama jalada wakaridhika. Mimi nalilaza mezani, naliinamia mpaka shavu linagusa ukurasa. Shavu likiteleza, karatasi inang'aa, na karatasi inayong'aa ni adui wa darasa langu kwa sababu inawachoma watoto macho. Kisha napitisha kidole kwenye waya, kutoka juu hadi chini, natafuta ncha. Ncha lazima iwe imekunjwa ndani. Wanafunzi wangu husoma pua ikiwa juu ya karatasi, na ncha iliyochomoza itamtoboa mtu jicho.

Nafundisha watoto wenye uoni hafifu, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, nimezeeka tu. Tangu kuzaliwa naiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia gunia. Rangi zipo, vivuli vipo, ila nyuso hazipo. Mke wangu alifariki sijawahi kumwona uso. Binti yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, sasa ni mwanamke mzima, na namjua kwa sauti yake na kwa harufu ya mafuta ya cherehani.

Jioni ile Chiriku ndiye aliyenishika mkono. Tulikuwa tumezunguka maduka ya vifaa vya shule tangu mchana tukitafuta madaftari ya spairo, yale makubwa yaliyofungwa kwa waya wa kujizungusha. Nilitaka ya jumla, ya kulitosha darasa zima mpaka mwaka uishe. Barua ya oda yenye mhuri wa shule ilikuwa kwenye mkoba wangu. Na kila duka lilikuwa na kasoro yake. Hapa karatasi nyepesi, wino wa kalamu nene unapenya hadi upande wa pili. Pale waya wa plastiki, unavunjika kabla muhula haujaisha.

"Baba, mchagua jembe si mkulima," Chiriku alinitania.

Alikuwa na haki ya kuchoka. Jumatatu alikuwa aanze kazi kwa fundi mkubwa wa magauni ya harusi, kushona shanga kwa mkono, kazi aliyoililia tangu utoto wake. Fundi alimpima kwa kumpa sindano nyembamba kuliko zote, naye akaitunga uzi mara moja, bila hata kuulamba. Hadithi hiyo alikuwa ameshanisimulia njia nzima, kwenda na kurudi, na mimi nilikuwa sijaichoka.

"Duka moja la mwisho, mama," nilimwomba.

Mwisho wa mtaa, maduka mengine yakiteremsha milango yake ya chuma, kulikuwa na moja lililokuwa bado wazi. Chiriku alisema halina bango, lina mlango na taa tu. Simu yake ikaita, shoga yake. Akaniambia niingie, yeye atanisubiri hapo hapo kizingitini.

Ndani palinuka utambi. Unaijua ile harufu ya kibatari kilichozimwa sasa hivi? Ndiyo hiyo. Lakini duka lilikuwa na mwanga, niliuona, mweupe na mtulivu. Na nyuma ya pazia kulikuwa na sauti…

Krrr… krrr…

Sauti ya waya unaopitishwa kwenye matundu ya karatasi. Nikafurahi. Duka linalofunga madaftari yake lenyewe huwa halina ujanja mwingi.

"Karibu, mwalimu," mwanamke alisema kutoka upande wa kaunta.

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Nilidhani labda ameona vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, maana halinitoki hata likifuliwa. Nikaweka mkoba kaunta, nikampa barua ya oda, nikamweleza ninachotaka: ukubwa, unene, mistari iliyokolea, karatasi isiyong'aa. Alinisikiliza bila kuuliza swali. Kisha akasukuma daftari moja mbele yangu.

Nikapitisha kidole kwenye waya kutafuta ncha. Sikuipata. Nikarudia, polepole, kutoka chini kwenda juu.

Waya ule haukuwa na mwanzo wala mwisho.

"Lifungue," alinong'ona.

Nikalifungua, nikainamisha shavu. Karatasi haikuteleza. Ilikuwa na uvuguvugu, kama kiti alichotoka kukikalia mtu. Nikafumbua macho.

Nikaona mistari.

Sikuona ukungu wa buluu niliouzoea. Niliona mistari, mmoja mmoja, imelala kwa nafasi, na vinyweleo vidogo vya karatasi katikati yake. Nikafungua ukurasa wa pili. Krrr. Nikaona vidole vyangu, na chaki chini ya kucha. Ukurasa mwingine. Nikaona mbao za kaunta na sisimizi anayetembea kwenye ufa. Nilikuwa nacheka peke yangu huku machozi yananitoka, na sikuona aibu. Niliwawaza watoto wangu. Nilimwaza hasa Nukta, mdogo kuliko wote darasani, aliyewahi kuniuliza kama nyota zipo kweli au ni utani wa watu wazima.

Nikauliza bei.

"Usihangaike na bei," alisema. "Wewe fungua tu."

Krrr.

Nikainua kichwa. Pazia lilikuwa limefunguka kidogo. Nyuma yake kulikuwa na chumba kirefu, na watu wameketi sakafuni kwa safu, wanaume kwa wanawake, wameinama, wanapitisha waya kwenye matundu. Chumba kile hakikuwa na taa wala dirisha. Mikono yao ilikwenda haraka bila kukosa tundu hata moja, na hakuna aliyekuwa anautazama mkono wake.

"Hao ni mafundi wako?"

"Ni ndugu za wateja."

Sikumwelewa. Kabla sijamuuliza, nilisikia sauti ya binti yangu kutoka mlangoni.

"Baba? Umeme umekatika?"

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nikageuka, daftari likiwa wazi mikononi. Na hapo nikamwona mwanangu. Ana kidoti juu ya mdomo, upande wa kushoto, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Nyusi yake moja imepanda kidogo kuliko nyingine, utadhani muda wote anajizuia kucheka. Ni mzuri. Alikuwa ameushika mlango kwa mkono mmoja, macho ameyatoa… anautazama ukuta ulio kando yangu.

"Baba, washa simu yako. Ya kwangu imezimika."

Simu yake ilikuwa inawaka mkononi mwake.

Harufu ya utambi ikanijia karibu kabisa na sikio. "Mwanga hautoki hewani, mwalimu," yule mwanamke alininong'oneza. "Ukiona wewe, wa damu yako ndiye anayekuazima. Na kurasa zimebaki nyingi."

Nilipaswa kulifunga pale pale. Sikulifunga pale pale. Nilimtazama kwanza. Nilimtazama Chiriku wangu akipapasa ukuta, akiniita, na mimi nikiwa kimya, nikiukariri uso wake kwa sababu nilijua sitauona tena.

Kisha nikalifunga, nikalitupa.

Gunia likarudi machoni pangu. Niliufuata mlango kwa kumbukumbu, nikaukamata mkono wa binti yangu, nikamburuta mtaani. Kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyemwongoza yeye. Tulipofika kwenye njia panda akashusha pumzi, akasema eti umeme umerudi.

Asubuhi niliamka nikamkuta ameketi na sindano. Nilimsikia akilamba uzi, akilikosa tundu, akilamba tena. Nilipomshika vidole, vilikuwa vimelowa damu.

"Baba," aliniambia taratibu, "kuna kitu kimetanda mbele yangu. Kama lile gunia lako."

Jumatatu, badala ya kwenda kwa fundi wa magauni, tulikwenda hospitali. Daktari alimmulika, akampima, akamsomesha herufi ukutani, akasema haya ni macho mazima na labda binti anahitaji kupumzika. Tulipokuwa tunatoka nilimweleza Chiriku yote, hata lile la kuchelewa kufunga. Alinyamaza. Chiriku akinyamaza nyumba nzima huogopa. Tulitembea kipande kirefu ndipo akauliza.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nikoje?"

Nikamwambia habari ya kidoti, na ya nyusi. Aliubana mkono wangu, tukaendelea kutembea hivyo hivyo, wawili wasioona, hadi getini kwa shule yangu. Niliona bora niombe ruhusa ya siku chache nikae naye.

Mwalimu mkuu wetu ni mama mwenye moyo mwema na udhaifu mmoja: anapenda vya bure. Alinipokea kwa shangwe, akanishindilia mkoba wangu kifuani.

"Umeusahau kwa wale wauzaji wako," alisema. "Wameuleta pamoja na mzigo. Wamefika alfajiri, mwalimu, maboksi kwa maboksi, hawajataka hata saini! Eti ni zawadi. Watoto nimeshawagawia."

Wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimejitembeza mpaka kwenye madawati ya darasa langu. Barua ya oda niliipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, na mhuri wa shule.

Sikungoja aniulize nina nini. Nilishika ukuta wa korido nikakimbia. Nililisikia darasa kabla sijalifikia. Kwa kawaida saa hizo huwa kimya, kila mtoto na lenzi yake. Siku hiyo walikuwa wanacheka.

Krrr… krrr… krrr…

Na korido nzima inanuka utambi.

"Yafungeni," nilisema mlangoni. "Yafungeni yote, sasa hivi."

Kicheko kikakatika. Hakuna daftari lililofungwa.

"Mwalimu, una mvi," sauti ndogo ilisema. Ni Nukta. Wenzake wakaangua kicheko upya. "Na umevaa soksi mbili tofauti. Mwalimu, nimeliona dirisha. Nimeuona mti, una majani mengi, mengi hivi!"

Nilipapasa mpaka kwenye dawati lake, nikapiga magoti. Nilimwambia daftari hilo si zuri, kwamba kuna mtu anaumia kila anapofungua ukurasa, kwamba nitawatafutia mengine. Nilimsihi kama ninayemsihi mtu mzima. Nilipolishika, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, na waya ukalia kifuani pake.

"Bado kidogo tu, mwalimu," aliniomba. "Nikifika nyumbani nataka nimwone mama. Sijawahi kumwona."

Nifanye nini? Kumpokonya mtoto daftari ni kazi nyepesi. Nilikuwa nimeshalishika, na nina nguvu kumshinda. Lakini vidole vyangu viliganda, kwa sababu maneno yale niliyajua, na mimi na umri wangu huu, mbele ya mwanangu mwenyewe, sikulifunga pale pale.

Viatu vya mwalimu mkuu vikagonga korido. Alisimama mlangoni, nyuma yake Chiriku akiwa ameushika ukuta. Mwalimu mkuu alikuwa na simu mkononi na anacheka, anacheka kweli kweli.

"Jamani, mama yake Nukta huyu amepiga," alisema. "Ananigombeza eti mbona mtoto hajarudi nyumbani mpaka giza limeingia. Saa nne hii ya asubuhi! Wazazi wengine bwana."

Chiriku hakucheka. Nilimsikia akivuta pumzi.

Ofisini, simu ya mezani ikaanza kuita.

Nukta aliliinua daftari lake kutoka kifuani, akalilaza juu ya dawati, akainama.

Krrr.