Miwani Mbili za Kinga

Jambo hili lilimpata fundi mizani wa mtaa wa nyuma. Alilisimulia mara moja tu, macho yakiwa kwenye kazi yake, na aliyemwomba arudie alitimuliwa pale karakanani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Chai ilikuwa mezani. Mkewe, mshonaji, alikuwa anakanyaga cherehani sebuleni, na mama mkwe amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akimtungia binti yake uzi kwenye sindano. Bibi yule alikuwa na miaka sabini na kitu, na hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake. Alikuja kukaa wiki mbili. Miezi minane ilikuwa imepita.

Wiki hiyo fundi alikuwa hasemi naye. Siku chache nyuma, mwenye bucha alipitia hapo nyumbani kuchukua mizani yake iliyotengenezwa. Fundi akaiweka mezani, akatamba kama kawaida yake: "Kwangu hakuna kona kona. Sifuri ni sifuri." Bibi, kule dirishani, hatua sita nzima, akasema taratibu tu: "Mkwe, mshale umelalia kushoto."

Mwenye bucha akainama kutazama. Kweli. Umelala unywele mmoja. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mtu anayekula kwa unyoofu wa mshale hasahau kicheko kama kile.

Basi, starehe ya fundi ilikuwa kuchezea vifaa. Hakusomea popote; alijifunza kwa kufungua, kuharibu na kufunga tena. Kwa miezi alikuwa anaitamani leza ya mkono, ile ya kuchomea herufi kwenye mbao, lakini mpya zilikuwa bei ya kuruka. Asubuhi hiyo akaiona moja mtandaoni, iliyotumika, bei ya kutupa. Tangazo lilikuwa limeandikwa bila mapambo: haina boksi, imekwaruzika, hairudishwi. Akaipenda lugha hiyo. Tapeli husifia, akajisemea. Huyu anasema ukweli.

Muuzaji alimjibu kwa ujumbe wa sauti. Mwanamke, sauti imechoka.

"Inafanya kazi, kaka. Nitakuongezea miwani ya kinga, bure. Nyumbani mko wangapi?"

Fundi akasogeza simu mdomoni. Wakati huohuo mama mkwe akakohoa kikohozi chake cha asubuhi, kirefu. Fundi akamgeukia. Akamtazama vizuri kabisa.

"Wawili," akasema. "Mimi na mke wangu."

Cherehani ikasimama. "Mume wangu, umesema wawili?"

"Mgeni hahesabiwi."

"Mwache, mwanangu," bibi akasema, akipitisha uzi kwenye tundu. "Kupima ndiyo kazi yake. Siku moja atapatia."

Jibu la muuzaji lilichelewa kidogo. Lilikuwa fupi.

"Nimewasikia wote. Wawili, basi."

Kifurushi kilifika siku ya nne. Leza yenyewe ilikuwa chuma cheusi, unene wa mpini wa nyundo. Ilikuwa na joto, kama kitu ambacho mtu ametoka kukishika. Chini yake zilikuwepo miwani mbili zenye vioo vya kahawia, zimefungwa kwa kitambaa kimoja.

Walijaribu mchana, baada ya kula. Fundi akavuta mapazia ili nukta ionekane vizuri, akaegemeza kipande cha mbao ukutani. Akavaa miwani. Mkewe akavaa ya pili, kisha akageuka nyuma.

"Na mama?"

"Mama yako yuko nyuma yetu. Mwanga unakwenda mbele. Unataka nikuchoree?"

Akabonyeza. Nukta ya kijani ikatua kwenye mbao. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ya msonobari. Fundi akacheka peke yake. Akachora mstari, akaukunja, herufi ya kwanza ikatoka safi.

"Mbona ziko tatu?" mkewe akanong'ona.

Juu ya mbao, ukutani, kulikuwa na nukta nyingine mbili. Hafifu. Zimekaa sambamba. Fundi akasogeza mkono kulia. Nukta ya kwenye mbao ikaenda kulia. Zile mbili hazikwenda.

Akaachia kitufe. Ya kwenye mbao ikazimika.

Zile mbili zilibaki. Kisha zikafumba. Kisha zikafumbua.

Nyuma yao bibi akauliza, kwa upole, "Nani amezima taa?"

Mkewe aliruka akafungua mapazia. Jua likampiga bibi usoni. Hakupepesa macho. Alikuwa bado anatunga uzi, mkono wake ukienda na kurudi kwa mazoea, na sindano ilikuwa inaingia kidoleni.

Daktari wa macho alichungulia kwa nusu saa. Si mtoto wa jicho, alisema. Si mshipa. Si kitu. Macho mazima. Akauliza kama bibi ana majonzi.

Nyumbani alijifunza kupapasa. Alihesabu hatua kutoka chumba cha nyuma hadi kitini. Lakini kila alipopita ukuta ule, alisimama.

"Kuna mtu hapa," alimwambia mkwewe. "Anakutazama wewe. Anatazama kwa macho yangu."

Fundi alimpigia muuzaji. Simu ilipokelewa mlio wa kwanza. Nyuma ya sauti ya mwanamke, mtoto wa kike alikuwa anasoma kitabu kwa sauti, neno moja moja, akicheka katikati.

"Huyo ni mdogo wangu," mwanamke akasema. "Miezi kumi na moja hakuona hata mkono wake. Nikueleze kwa kifupi. Leza hiyo huchukua macho ya yule ambaye hakuhesabiwa. Ikipata mengine, huyaachia ya kwanza. Mimi nilipoulizwa, nilimsahau. Alikuwa amelala."

"Ulimsikia mama akikohoa."

"Nilimsikia," akasema. "Na wewe ulimwona."

Fundi aliipiga leza ile kwa nyundo mpaka nyundo ikachomoka kwenye mpini. Haikupata hata mkwaruzo mpya. Mkewe alihamia chumba cha nyuma na mama yake. Alimwambia jambo moja tu, mlangoni, kwa sauti ya chini: "Ulimtoa mama yangu kwenye hesabu kwa ajili ya unywele mmoja."

Ndipo fundi akaandika tangazo. Haina boksi. Imekwaruzika. Hairudishwi.

Wengi walimjibu. Kila mmoja, fundi alimwuliza swali lile: nyumbani mko wangapi? Mmoja akasema watano. Mwingine saba. Mmoja, mtu wa mzaha, akasema wanne na paka. Wote hao aliwaambia imeshauzwa.

Siku ya tisa ukaja ujumbe wa sauti wa kijana mchangamfu. "Mzee wangu, nyumbani tuko wawili tu. Mimi na mke wangu. Tuna furaha zetu siku hizi."

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na kilio. Kidogo, chembamba, kama cha kitu kilichoingia duniani juzi.

Fundi aliusikiliza ujumbe mara tatu. Mara ya tatu alijua kuwa kilio kile ni cha njaa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: na huyo anayelia? Maneno matatu.

Kwenye chumba cha nyuma kikombe kikaanguka, kikavunjika. "Pole, mama," mkewe akasema. "Usishuke, kuna vigae."

Akabonyeza.

"Nimewasikia wote. Wawili, basi."

Alizifunga zile miwani mbili kwa kitambaa chake kilekile, fundo zuri, akatuma kifurushi.

Asubuhi ya siku ya tano bibi alitoka chumbani bila kushika ukuta. Mkewe alilia mpaka akakaa chini. Bibi akaenda kitini, akachukua sindano, akatunga uzi mara moja. Akaitazama mizani iliyokuwa mezani.

"Leo mshale umekaa sawa, mkwe," akasema. Hakumtazama usoni. Hajamtazama tangu siku ile.

Yule kijana alipiga simu jioni hiyohiyo. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, mara ishirini, mara thelathini. Fundi hapokei. Yule mwanamke angalau alipokea, tena mlio wa kwanza, akamwonyesha njia ya kutokea. Fundi hana la kusema ambalo linaweza kusemwa na mtu asiye na kona kona.

Ukutani sebuleni, pale zilipokuwa zile nukta, rangi ni safi. Lakini chini kabisa, karibu na sakafu, mkewe alikuta matundu mawili madogo ya kuungua, sambamba, yamekaribiana sana. Fundi aliyaziba kwa simenti, akapaka rangi. Yalitokea tena, juu kidogo. Akaziba tena.

Kwa kuwa ni mtu wa vipimo, huyapima kila mwisho wa mwezi. Yanapanda. Mwezi uliopita yalikuwa usawa wa mtoto anayetambaa.

Jana yalikuwa usawa wa mtoto aliyesimama, akishikilia ukuta.