Afra Amesomea Nyumbani

Mwaka 2003, Muhsina aliishi Darsait, mjini Maskati, pamoja na binti yake Afra. Kila asubuhi, vyombo vya chai vikishaondolewa, meza ya jikoni iligeuka darasa.

Afra alikuwa na maradhi ya damu yaitwayo selimundu. Maumivu ya mifupa yalimlaza kitandani mara kwa mara. Alipokuwa darasa la saba, skuli ilimfuta kwa kutohudhuria. Muhsina hakumbembeleza mtu. Alikuwa mwalimu Unguja kabla ya kuhamia Oman. Alinunua vitabu, akamfundisha mwenyewe.

Afra alipofika miaka kumi na saba alitaka kusomea kazi ya maabara, awapime watu damu. Wakaenda chuoni na mkoba wa madaftari. Karani mmoja, Thani, aliyafunua mawili, akayarudisha.

"Haya ni madaftari tu," alisema. "Rekodi za skuli ziko wapi?"

"Amesomea nyumbani," Muhsina alijibu.

"Basi hakusoma."

Afra aliyakusanya madaftari yake moja moja. "Nimesoma," alisema. "Na nitarudi."

Jioni ile Bakhit, kaka yake Muhsina, alikuja na ushauri wake.

"Nnamjua mtu mwenye skuli. Atakuandikieni rekodi za miaka yote hiyo, apige muhuri. Nani atauliza?"

"Nitajiuliza mimi, mjomba," Afra alisema. "Mama ndiye aliyenifundisha. Siandiki jina la mtu mwingine."

Bakhit aliondoka amenuna.

Kesho yake Muhsina alimweleza jirani wa ghorofa ya juu, Conjesta. Conjesta alitoka Bukoba. Alifanya kazi katika ofisi ya skuli moja mtaani Wadi Kabir, akitayarisha majalada ya wanafunzi.

"Mama Afra, pale chuoni hawana muda wa kusoma madaftari yote," Conjesta alisema. "Wanataka waone haraka mtoto amesoma nini, kwa kitabu gani, na amefaulu kiasi gani. Mama kuwa mwalimu si kosa. Kosa ni kutoandika."

Wakakaa mezani. Juu ya karatasi Conjesta aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, na maneno haya: amesomea nyumbani. Kila mwaka ukapata ukurasa wake. Muhsina akaanza kujaza alama. Tisini. Tisini. Tisini.

"Hii tisini ya kemia imetoka wapi?" Conjesta aliuliza.

"Nnamjua mwanangu."

"Hata mimi namjua. Chuo hakimjui. Majaribio yako wapi?"

Neno lile lilimuuma Muhsina. Afra akaenda chumbani, akaleta majaribio yake ya kemia, akapiga hesabu.

"Sitini na moja," alisema. "Andika sitini na moja, mama."

"Na ile miezi miwili uliyolazwa hospitali?" Muhsina aliuliza.

"Iandike pia. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa mvivu."

Kazi ile iliwachukua wiki mbili. Waliorodhesha vitabu. Walichagua insha tatu na ripoti mbili za sayansi, zote zenye tarehe. Mahbuba, mfamasia wa mtaani aliyekuwa akimsaidia Afra kemia, aliandika barua, kwa sababu Conjesta alitaka ushahidi wa mtu asiye wa ukoo. Muhsina alitia saini kama mwalimu, akaandika namba yake ya simu. Kisha wakatoa nakala za kila karatasi.

"Bado mtihani wa nje," Conjesta alisema. "Ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizeni mapema siku ya mwisho ya kujiandikisha. Ikiwapita, mtangoja mwaka mzima."

Walijiandikisha mapema. Siku ya tatu ya mtihani mkono wa Afra ulivimba kwa maumivu. Msimamizi alimwuliza kama anataka kutoka. Alisema hapana, akaandika polepole mpaka mwisho. Alifaulu masomo yote, kemia ikiwemo.

Wakarudi chuoni. Thani alisoma jalada ukurasa kwa ukurasa.

"Mwalimu aliyetia saini ni mama yake?"

"Ni mimi," alisema Muhsina. "Uliza utakalo."

Thani alilipeleka jalada kwa mkuu wa usajili. Mkuu alimwita Afra, akamwuliza maswali matatu ya kemia. Afra alijibu mawili. La tatu alisema halijui.

"Rekodi zako zinafanana na wewe," mkuu alisema.

Wiki iliyofuata barua ya kukubaliwa ilifika. Septemba, Afra alivaa koti jeupe la maabara.

Habari zikasambaa. Siku moja alikuja Wadha kutoka Mabela, mama mwenye mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekuwa akisomea nyumbani.

"Si mapema mno kuanza kuandika?" aliuliza.

"Sisi tulichelewa," Muhsina alisema. "Wewe anza leo. Kitabu, tarehe, alama ya kweli. Kila wiki."

"Na wakinikatalia?"

Muhsina alimsogezea kalamu.

"Waulize wanataka karatasi gani. Itafute, urudi nayo. Wakikataa tena, rudi tena."