Mtaa Uliomkataa Naftaly

Harufu ya maziwa ya moshi ndiyo iliyotangulia kuingia katika nyumba ile mpya, kabla hata kitanda hakijapandishwa ngazi. Wangeci aliinusa mlangoni akadhani ni rangi ya kuta. Akafungua madirisha yote, akasugua sakafu kwa sabuni ya kipande, akapika chapati kusudi nyumba inukie chakula. Jioni harufu ilikuwa palepale: maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la moto. Naye hakuwa na kibuyu. Kwake walikunywa maziwa ya pakiti kama watu wote wa Jericho, mtaa walikotoka.

Mumewe, Naftaly Kinyanjui, alicheka tu. Siku zile alikuwa mtu wa kucheka. Yeye ndiye aliyeuchora mtaa ule, kando ya chuo cha ufundi ambacho wananchi walikijenga kwa harambee, na kila mtu alimsifu. Chini maduka na karakana, juu nyumba za kuishi, nyuma vyumba vya wanafunzi, katikati soko. Kijana ajifunze useremala asubuhi chuoni, jioni avuke barabara akapige randa kwa fundi. Wangeci mwenyewe alifundisha ushonaji katika chuo hicho, na kutoka dirisha la jikoni aliweza kuona darasa lake. Nyumba ile ya pembeni ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Naftaly alijichagulia.

Baada ya harufu ikaja sauti. Nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, ambako hapakuwa na chumba kingine ila hewa tupu, kitu kilikuwa kikisukwasukwa polepole, chubwi, chubwi, kama mtu anayetikisa kibuyu ili atoe siagi. Wangeci alimwamsha mumewe asikilize. Naftaly hakusikia kitu.

Kisha Naftaly akaanza kuchelewa. Mara ya kwanza alisema aliingia barabara siyo. Mara ya pili alifika amelowa jasho, viatu vina vumbi jekundu, akasema watu wa baraza la jiji wamebadilisha vibao vya mitaa. Wangeci alijua vibao havijaguswa. Ni Patrobas, fundi cherehani aliyekuwa na duka chini yao, aliyemvuta kando siku moja na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee hupita mlangoni pake mara nyingi kila jioni, akizunguka tu, na akisalimiwa haitikii.

Jumamosi, jua likiwa utosini, Wangeci aliona kwa macho yake. Naftaly alikuja kutoka sokoni, mkate kwapani, akaupita mlango wao. Akakata kona, akatokea upande wa pili, akaupita tena. Wangeci akamwita kutoka dirishani. Akainua uso, akamtazama moja kwa moja, na yale macho yakampenya mkewe yakaenda mbali nyuma yake, kama mtu anayetazama mbuga. Wangeci akashuka ngazi mbio bila viatu, akamshika mkono mbele ya watu.

"Wangeci," alisema Naftaly, akishangaa, "umetokea wapi? Huku ni vichakani."

Wangeci akamvuta kuelekea mlangoni, na yule mwanamume mzima akakaza miguu kama ng'ombe anayekataa josho, akilalamika kwamba kuna ua wa miiba mbele yao, kwamba miiba inamchoma, na Wangeci alipomtazama vizuri aliona mikono yake imechanjwachanjwa na damu inatiririka hadi kwenye mkate, hali mbele yao hapakuwa na kitu ila ngazi ya saruji na ukuta mweupe, na papo hapo pumzi yenye joto, inayonuka maziwa na moshi, ikamgusa Wangeci shingoni kwa nyuma, karibu sana, na sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume ikasema sikioni mwake, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto jambo:

"Huyu hana kwao."

Mchungaji wa kanisa lao aliitwa. Aliomba akiwa amesimama sebuleni, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo kile kibuyu kilivyosukwasukwa kwa nguvu nyuma ya ukuta, hata picha zikaanguka. Hakumaliza. Alichukua kofia yake akaondoka bila kunywa chai.

Hapo ndipo Patrobas alipomweleza Wangeci jambo ambalo wakazi wa zamani wote walilijua. Kwenye pembe ile, kabla ya mtaa, aliishi mama mmoja Msomali aitwaye Batulo, ndani ya ua wa miiba, na mama yake mzazi aliyekuwa kikongwe. Aliwauzia maziwa vibarua waliojenga chuo. Ilisemwa kwamba alirithi jini kutoka kwa bibi yake, akalitunza kwa udi na maziwa, nalo halikumdhuru mtu. Naftaly alikuwa akija na michoro yake, akiketi kwenye mkeka wa Batulo, akinywa maziwa yake, akimwahidi kwamba pembe hiyo itakuwa duka lake na juu yake nyumba yake. Halafu likaja tingatinga alfajiri, bila taarifa. Kikongwe alifia kando ya barabara kwa baridi.

Wangeci alimuuliza mumewe kama ni kweli. Naftaly hakukana. "Ardhi haikuwa yake," alisema. "Sheria ilikuwa upande wangu."

Kesho yake Wangeci alikwenda Eastleigh, akauliza hadi akampata Batulo, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka, nyumbani kwa binamu yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai ya maziwa.

"Mimi sikumtuma," alisema Batulo. "Mumeo alivunja nyumba mbili, mwalimu. Mimi nilikuwa na ndugu. Yule angekwenda wapi?"

Wangeci akamwambia nyumba ni yake, arudi. Batulo akakubali, lakini akaongeza kwamba kurudi kwake hakutamfungua Naftaly. Aje mwenyewe, asimame palepale, aombe msamaha kwa kinywa chake: kwake yeye, kwa marehemu mama yake, na kwa yule asiyeonekana.

Nyumba ilikuwa kwa majina ya Wangeci na mumewe. Naftaly alitia sahihi hati ya kumpa Batulo bila kubisha, maana hakuweza tena hata kuiona.

Siku ya Batulo kurudi, watu walijaa barazani, na wanafunzi wakatoka karakana kutazama. Batulo alipanda na chetezo chake, na mara udi ulipofuka, kile kibuyu kikanyamaza nyuma ya ukuta. Akashuka. Wangeci akamleta mumewe kwa mkono hadi mbele ya ngazi.

"Sema," alimnong'oneza. "Baba, tafadhali. Neno moja tu."

Naftaly akawatazama watu. Akamwona Patrobas, akawaona wanafunzi waliomwita Bwana Mpangaji wa Mji. Akajinyoosha, akakohoa.

"Mama, pole kwa yaliyotokea," alisema. "Lakini mtaa ulikuwa lazima ujengwe. Mimi nilifanya kazi yangu."

Juu, ndani ya nyumba isiyo na mtu, mlango ulifungwa polepole, na komeo likateremka.

"Amesikia," alisema Batulo. Akachukua mkeka wake akapanda ngazi, na mlango ukamfungukia.

Wangeci alipanga nyumba kule Jericho, ya mawe, bati zima, madirisha yenye vioo. Naftaly hakuweza kuiona. Hakuona nyumba yoyote tena, si ya rafiki wala ya ndugu. Kila alipopelekwa alisema hapa ni wazi, hapa kuna upepo. Kazi ilimshinda. Kila jioni mkewe alimfunga macho kwa kitambaa, akamwingiza ndani kwa kumshika mabega, akamlaza, akamfunika blanketi, na yeye akawa anatetemeka na kuuliza kwa nini wamelala njiani.

Masika yalipofika, mvua ilinyesha usiku kucha. Bati halikuvuja hata tone. Wangeci aliamka asubuhi, upande wake wa kitanda ukiwa mkavu na wenye joto. Akanyoosha mkono kumgusa mumewe. Naftaly alikuwa amelowa chapachapa kuanzia nywele, hapumui, midomo imegeuka rangi ya majivu, na kati ya vidole vya miguu yake mlikuwa na tope.