Kengele Iliyojazwa Nyasi

Kila Jumamosi Wakesho na jirani yake Shanice walichunga mbuzi pamoja huko Makwasinyi. Jumamosi hii Wakesho hakumsalimu mwenzake. Jana yake, mbele ya darasa zima, Shanice alimwambia, "Hiyo sweta ni yangu ya zamani. Angalia kwapani, kuna kiraka cha mamangu." Darasa likacheka. Wakesho akaivua sweta, akaikalia mpaka jioni.

Sasa alijua la kumfanyia. Shanice alipoenda kuteka maji, Wakesho alimshika Kidoti, mbuzi wa kina Shanice aliyekaribia kuzaa, akaishindilia nyasi kengele yake ya shingoni mpaka ikanyamaza. Kisha akamfukuza kuelekea kilima kidogo kilichosimama peke yake tambarareni kama kisiwa, kisicho na njia, miiba mitupu. Acha naye aumbuke, alijisemea, na moyo ukamtulia kama wa mtu aliyeshiba uji.

Jua lilipoanza kushuka, Shanice alikuwa amekizunguka kilima mara tatu akimtafuta Kidoti, miguu imechanika. Alisema fisi walilia upande ule jana. Wakesho alimtazama, akaona raha. Lakini Shanice akasimama kimya, ametega sikio, akingoja mlio ambao hautakuja, na raha ile ikamwishia Wakesho.

"Usisikilize," akasema. "Kengele nimeijaza nyasi mimi. Kwa sababu ya sweta."

"Wewe ni mbaya."

"Na wewe pia."

Wakapanda pamoja, wakitambaa chini ya miiba na kufuata mavi mabichi ya mbuzi. Karibu na kilele walimkuta Kidoti kati ya majabali mawili, akimlamba mtoto ambaye hata hajakauka. Wakesho akazichokora nyasi kwa kucha mpaka kengele ikalia. Shanice akambeba mtoto.

Nyanya yake Wakesho aliwatoa miiba kwa sindano, akawasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Hakugomba.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," wakaitikia.

"Nina mbuzi ndani ya nyumba. Namlisha usiku na mchana, hashibi, wala hanipi maziwa."

Walikuna vichwa, wakashindwa. Wakesho akampa mji wa Voi, nyanya akasema amefika, amekula, ameshiba.

"Ni kinyongo," akasema. "Wewe Shanice ulimleta kwa mdomo wako. Wewe Wakesho ukamlisha, nusura amle mbuzi wa kweli. Mtu akikukosea, mwambie siku hiyo hiyo. Na aliyekosa aombe radhi. Haya, mfungulieni aende."

Shanice ndiye aliyeanza.