Gathoni Mdogo na Kadi ya Kliniki

Mwaka huo kahawa ya Gakindu iliiva yote kwa mpigo. Wangechi alichuma tangu asubuhi. Aliporudi nyumbani kwa baba yake, binti yake wa miaka minne, Gathoni, hakuwepo. Mama mkwe alikuwa amekuja kumchukua.

Kisa ni nini? Jina! Mtoto alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, kama ilivyo desturi yetu, na kwetu mtoto kama huyo huhesabiwa kuwa ndiye nyanya mwenyewe. Wangechi alimfuata mbio.

"Huyo ni mimi," nyanya alimwambia. "Umeachana na Theuri wangu, sawa. Lakini mimi nitaishi aje kwa watu wengine?"

Wangechi alikwenda kwa wazee. Wazee wakasema, "Mbuzi za mahari zirudi kwanza, ndipo mtoto arudi kwako." Akaenda kwa chifu. Chifu akasema, "Njoo kesho." Miezi miwili ya kesho! Na mtoto ana pumu, na kadi yake ya kliniki iko kwa mama yake. Hata sasa ninapoandika, hasira zinanipanda.

Alhamisi moja alifika kanisani Wamucii, mfanyakazi wa msaada wa sheria kutoka Nyeri mjini. Hatozi chochote. Wangechi alimweleza yote.

"Ati mbuzi?" Wamucii alishangaa. "Mama Gathoni, mbuzi ni mambo ya watu wakubwa. Korti inauliza kitu moja kwanza: huyu mtoto atakaa vizuri wapi?"

"Lakini mimi siko na wakili."

"Sisi tuko naye. Atasimama na wewe. Usimnyakue mtoto njiani, utajiharibia. Lete cheti cha kuzaliwa na hiyo kadi, tukuandikie ombi."

Siku ya kesi, Theuri mwenyewe hata hakuja. Nyanya alisimama wima mbele ya hakimu.

"Huyu mtoto ni mimi," akasema.

"Vizuri," hakimu akajibu. "Baridi ikiingia, mtoto huyu anaumwa wapi?"

Nyanya akashika goti lake.

Wangechi akainua kadi. "Kifua, mheshimiwa."

Hakimu aliamua mtoto akae na mama yake, na nyanya awe akimwona kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza, Wangechi alimpeleka mtoto na dawa zake. Nyanya hakumsalimu Wangechi. Aliipokea chupa, akaigeuzageuza.

"Hii ya kifua chetu," akauliza, "ni asubuhi ama jioni?"