Kiti Kilichoandika

Salaam alekum nyote, wa mkekani na wa ukutani. Nyamazeni kidogo. Mtoto anyonyeshwe, na nyie wanaume wa kule nyuma zimeni hiyo redio, kwa sababu hadithi hii naisoma kwenye daftari, na nikipoteza mstari ni kazi kuupata tena.

Alikuwepo mwanamke huku upande wa Palma, jina lake Saquina. Nguzo ya jiko lake ililiwa na mchwa. Alimwambia mumewe, Tarique, mwezi wa Ramadhani, akamwambia Idi ilipopita, akamwambia mvua zilipoanza. Tarique anatafuna tu, kama aliyesema ni kuku.

Siku moja mchana, wanakula, Saquina akafungua kinywa amkumbushe tena. Sauti iliyotoka siyo yake. Ilikuwa nzito, ya mwanamume mtu mzima, na ikaja na harufu ya mwani uliooza, imechanganyika na marashi ya waridi.

"Nguzo hiyo itaanguka," ilisema.

Tarique akaweka tonge chini. "Ndiyo, mzee," akajibu, akaenda kutafuta shoka.

Kabla ya alasiri nguzo mpya imesimama. Saquina akabaki ameshika koo, anaogopa, na hapohapo anataka kucheka.

Habari zikaenea kwamba Saquina kapandwa na jini, mwanamume, mwenye akili sana. Wanaume wakaanza kuja barazani kumwuliza mambo yao. Maneno yaleyale aliyoyasema Saquina miaka kumi na tano, kwamba kisima kifunikwe, kwamba Mamudo aache kumpiga mkewe, sasa wanatikisa vichwa na kusema huyu jini ana busara. Na mnajua mafundi wa majini wanamwita mtu aliyepandwa kiti, maana jini anamkalia. Basi na wao wakalishika neno hilo. Wakimaliza mazungumzo wanamwuliza jini, kwa heshima zote, kama kiti chake kinaweza kwenda kuwachemshia chai.

Na kiti kinakwenda.

Saquina alivumilia kwa ajili ya binti yake, Sumaia. Miaka kumi na minne, yuko darasa la nane, na Tarique alishaahidi kumwoza kwa Ibraimo, mwenye duka kule Pundanhar, ana mvi kuliko Tarique mwenyewe. Saquina alikataa mara ngapi sijui, hakusikika. Sasa akaona njia. Ijumaa Ibraimo akaja, baraza imejaa, harufu ya mwani ikapanda, Saquina akafungua kinywa aseme mtoto haolewi.

"Binti aolewe," ikasema sauti. "Shule ya nini? Atajua kusoma, halafu atawasumbua."

Akajaribu kufunga kinywa na kinywa hakikufungika, akajaribu kusema siyo mimi na kikatoka kicheko, kicheko kizito, na wanaume wote wakacheka nacho, na kila akisukuma ulimi yanatoka maneno mengine, harusi, wageni, Alhamisi ijayo, na ubaridi ukamshuka kooni kama mtu anayejisogeza akae vizuri, kwa sababu jini alikuwa mwanamume kama wao, na tangu mwanzo alikuwa anasubiri tu wamzoee.

Tangu hapo Saquina hakuwa na sauti hata ya kuomba maji. Akitaka kuita fundi, kinywa kinasema hapa hakuna mgonjwa. Tarique naye hakutaka fundi. Alisema miaka yote hajapata mtu wa kuongea naye vizuri namna hii ndani ya nyumba.

Ila jini alichukua kinywa tu. Mkono aliuacha, maana mkono ndio unaopika. Na mkono ule ulikuwa umekaa miezi saba kwenye darasa la watu wazima la mwalimu wetu, profesora Benilde. Saquina akachukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa, S ya kwanza imegeuka: SUMAIA, MWITE BIBI AWA. AMTOE. HUOLEWI. Jini akatazama kwa macho ya Saquina na asielewe, maana kusoma hakujui. Alidhani kiti kinachezea penseli.

Sumaia akasoma, akakimbia. Bibi Awa, fundi wetu, akaja na ubani na wanawake sita. Tarique amesimama mlangoni, amenuna. Bibi akamwuliza jini anataka nini ili atoke.

"Sitaki kitu. Hapa napikiwa, nasikilizwa."

"Basi kaa," Bibi Awa akasema kwa upole. "Ila kuanzia leo tunakuita mama Sumaia. Maji yamekwisha mtungini. Ukisema, hakuna atakayekujibu."

Jini akautazama mtungi. Halafu ukatoka mlio mrefu, mrefu, kuku wakaruka uani, na jini akatoka.

Sauti ya Saquina ikarudi, nyembamba. "Baba Sumaia, mtoto haolewi."

Tarique akatazama paa. Akauliza kama chai ipo.

Ndipo harufu ya mwani ikarudi, siyo kwa Saquina, kule kwenye nguzo mpya, alikosimama Sumaia.

"Siolewi," ilisema sauti nzito kinywani mwa Sumaia.

"Ndiyo, mzee," akajibu baba yake.

Wanawake wakapiga vigelegele. Saquina hakupiga. Alijua inavyoanza na inavyoendelea. Akachukua daftari na penseli, akamwekea mwanawe mkononi, akamfumbatisha vidole.

Mimi naondoka, nimeacha unga juani. Nitarudi. Ila nikirudi na sauti nzito, msinijibu ndiyo, mzee. Nipeni penseli kwanza, muone kama bado najua kuandika jina langu.