Piketi Zilizotoa Majani

Siku wanawake wa Base, ile kambi ya jeshi ya Kamina, walipopanda miti nyuma ya nyumba zao ilikuwa Jumamosi njema, wala hakuna aliyekuwa ameota ndoto mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha mara tatu na udongo ulikuwa laini. Walitoka na majembe, watoto wengine mgongoni na wengine mbele wakikimbizana, na mama Lucienne alibeba ndoo ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho kikilala siku mbili kinaanza kumwimbisha mtu. Walijua walichofuata. Miti ya pale ilikuwa imeishia kwenye mbabula, yale majiko ya mjini Kamina, ikiwa makaa, chemchemi ya bondeni ikakauka, na kwa miaka minne wanawake hao walitembea saa nzima kutafuta maji. Ndipo ukaja mradi wa kupanda miti, ukawaambia warudishe miti, maji yatarudi yenyewe.

Karani wao alikuwa Émerence, mke wa sajini Bokungu. Mumewe alikuwa ametumwa upande wa Malemba-Nkulu, naye alibaki na binti yao Bibiche, mtoto wa miaka sita, hodari wa maswali na hodari zaidi wa kula. Émerence alizaliwa mbali, huko mkoa wa Équateur. Karibu kila mtu kambini alizaliwa mbali. Askari leo yuko hapa, kesho anapelekwa kule, na kazi ya mke ni kufunga mizigo. Mila za udongo wa Kamina hakuna aliyewafundisha, na wao hawakuuliza.

Watu wa miradi wanapenda piketi, vile vigingi vya kupimia mashamba, kuliko kitu chochote duniani. Kabeya, agronomi, yaani bwana shamba wa mradi, aliyekuja kwa pikipiki kutoka mjini, alitaka kila familia iwe na kipande chake cha shamba, na kila kipande kiwe na piketi yake. Aliwaambia wakate miti iliyonyooka, ya karibu. Wa karibu ulikuwa mti mmoja tu, uliosimama peke yake bondeni, ambao wachoma makaa wote walikuwa wameuruka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini waliuruka. Wakakata matawi yake, wakayachonga ncha. Kabeya alitaka vichwa vya piketi vipakwe rangi nyeupe vionekane kwenye nyasi, na kwa kuwa rangi haikuwapo, wanawake walichota pemba, ule udongo mweupe wa kando ya kijito, wakapaka kwa mikono.

Wazo la majina lilikuwa la Émerence mwenyewe, na hilo hajalikana mpaka leo. Alisema mtu hatunzi mti wa mradi, lakini atautunza mti wenye jina la mwanawe. Akakata vibati kutoka kwenye makopo ya mafuta, akatoboa herufi kwa msumari, jina la mtoto mmoja kila kibati, akavipigilia. Kisha akapita piketi moja baada ya nyingine, akasoma kila jina kwa sauti. Watu walipiga makofi. Lucienne alimfuata nyuma na ndoo yake, akimwaga munkoyo kidogo chini ya kila piketi, kwa furaha tu, na watoto wakacheka kusikia wakiitwa.

Baada ya wiki tatu miche ya mradi ilikuwa imenyong'onyea. Piketi ndizo zilizotoa majani.

"Hata piquet inaota," alisema Lucienne, akicheka mpaka akashika kiuno. "Hii udongo iko na nguvu."

Ya kwanza kutoa majani ilikuwa ya binti yake, Tshala, aliyekuwa na miaka minane. Wiki hiyohiyo Tshala aliacha kula. Hakuwa na homa, hakukonda, hakulia. Akiwekewa bukari, ule ugali wa kila siku, alisema ameshakula, basi. Na kila siku saa sita, jua likiwa utosini, alitoka nyumbani akaenda kusimama kando ya piketi yake, mikono imening'inia, akitazama bondeni. Muuguzi wa kambi alimpima damu, hakuona kitu.

Lucienne alidhani ni ukaidi wa kitoto. Jumatatu moja alikwenda akaing'oa ile piketi kwa hasira. Ilishikilia. Alipoivuta mara ya tatu ilitoka na mizizi mirefu, minene, mizizi ya mti wa miaka mingi, na haikuwa imetimiza hata mwezi ardhini. Akaikatakata, akaitia kwenye mbabula apikie.

Tshala alikuwa ameketi mlangoni, anachambua sombe, majani ya muhogo. Kuni ziliposhika moto, aliinama mbele taratibu, kama mtu anayeokota kitu. Walipomwinua alikuwa ameshakufa. Nywele zake zilinuka moshi.

Walimzika kesho yake. Siku iliyofuata, Émerence alipika bukari na ndakala, vile visamaki vikavu, akaita bila kugeuka.

"Bibiche. Kuya kula."

"Mama."

Sauti ilikuwa ya Bibiche, lakini ilitoka mbali, kule shambani, nyembamba. Émerence alikasirika; alikuwa amemkataza kwenda huko. Akageuka achukue kanga yake amfuate.

Bibiche alikuwa ameketi nyuma yake, kwenye kigoda, magoti yamebanwa.

Mwiko ulimtoka mkononi. Akaita tena, safari hii akimtazama mtoto usoni. "Bibiche."

Mdomo wa mtoto haukutikisika. Kule shambani sauti ikaitika, "Mama."

Émerence alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mashavu. Yalikuwa ya baridi. Polepole mdomo ukafunguka, na mtoto akanong'ona, "Nishakula."

"Nani alikupa?"

"Benye kuwa kule."

"Banani bale?"

"Sibajui. Banasema fasi yangu njo kule." Akaelekeza kidevu shambani.

Émerence alimfunika kanga, akainuka. Alikwenda shambani mbio. Piketi ya Bibiche ilikuwa imetoa majani manne, mabichi, yanayong'aa. Hakuthubutu kuigusa.

Alhamisi alikuja papa Yav. Huyu alikuwa mtu wa reli, fundi wa breki kwenye treni za mizigo, na siku ambazo treni hazikutembea alizunguka kambini na baiskeli akiuza chumvi. Wazazi wake walikuwa Walunda. Émerence alimwomba amwangalizie kitu shambani, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee wa sehemu zile aliyemjua kwa jina. Yav alifika ukingoni mwa shamba akaona zile piketi, safu kwa safu, vichwa vyeupe, majani yamechanua. Akasimamisha baiskeli. Hakuongeza hata hatua moja.

"Hii miti mulikata wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kule bondeni. Ilikuwa moja tu."

"Iko muyombo." Akavua kofia yake. "Na ile nyeupe?"

"Pemba."

"Nani alitaya majina?"

"Minyi," Émerence alijigusa kifua.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, papa."

"Na kinywaji? Mulimwanga?"

Émerence alikubali kwa kichwa. Yav alijifuta shingo, akatazama nyuma yake, kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza.

"Mama, kwetu muntu akishakufa, tunakata fimbo ya muyombo. Tunasimika, tunapakala pemba, tunamwanga munkoyo, tunaita jina yake. Fimbo inaota. Njo nyumba yake. Atakula pale, na ukimwita, ataitikia pale."

"Lakini aba batoto bako bazima."

"Njo ile naogopa."

Émerence aliuliza kama azing'oe. Yav alitikisa kichwa. Habari za Tshala alikuwa amezisikia sokoni.

"Minyi si munganga, niko muntu ya reli. Najua tu kile mama yangu alikuwa anasema. Ile nyumba haiwezi kubakia bila mwenyewe. Umupe muntu yako mwenye alishakufa kweli, mwenye hana fasi. Umwite naye kwa sauti." Akapanda baiskeli yake. Kisha akashuka tena. "Lakini uyue, mama. Akikuya, hatarudia tena."

Alimwachia pakiti ya chumvi bila kudai kitu, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Émerence alimjua huyo asiye na mahali. Alimjua tangu Yav alipofungua kinywa. Kabla ya Bibiche kulikuwa na Constant. Alikufa kwa kuhara kwenye kambi moja ya Ituri, akiwa na miaka mitatu. Walimzika asubuhi kando ya barabara, bila msalaba, na saa sita malori ya askari yakaondoka. Émerence alipanda lori. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lake, hata kwa Bokungu, na Bibiche hakujua kwamba aliwahi kuwa na kaka. Aliona haya. Haya ile ilikuwa kubwa kuliko majonzi.

Kesho yake, saa sita, alimwacha Bibiche kwa Lucienne akaenda shambani. Akakigeuza kibati cha Bibiche, akatoboa herufi upande wa pili. Msumari ukamchoma kidole. Akapaka pemba. Akamwaga munkoyo.

"Constant."

Kimya. Hata nzi hakulia.

"Constant, mwana wangu. Njo mama yako anaita."

Upepo haukuwapo. Majani ya ile piketi yakatikisika. Yake tu.

Kisha nyasi zikaanza kulala. Zilianzia mbali, upande wa barabara. Unyasi mmoja. Mwingine. Zilikuja zikimwelekea, polepole, kwa mwendo wa mtoto anayejikwaa. Zikakaribia. Zikafika miguuni pake. Zikakoma.

Émerence alikimbia. Alipofika kwa Lucienne, Bibiche alikuwa amesimama mlangoni, mashavu yana joto.

"Mama, njala."

Alikula sahani mbili. Émerence alimtazama akitafuna, machozi yakamtoka hata asione sahani.

Aliwaambia wenzake bila kuficha neno. Walimtukana, na alistahili, kisha kila mmoja akaenda kugeuza kibati chake. Hakuna aliyekosa jina. Familia za askari zina maiti kila njia ya nchi hii. Ndani ya siku mbili watoto wote walirudi kwenye sahani zao. Lucienne alikata tawi jipya la muyombo, akalisimika kwenye lile shimo tupu, akatoboa kibati kwa mkono wake mwenyewe: Tshala. Safari hii aliyeita alijua anachofanya.

Misimu mitatu ya mvua imepita. Miyombo imepita paa za nyumba, na chini ya kivuli chake miche ya mradi imeshika kweli. Chemchemi inatoa maji, kidogo, lakini kila mama anajaza bidoni, dumu lake, kabla jua halijawa kali. Wageni wa mradi huja kupiga picha. Wanauliza kwa nini majina ya vibati si yale ya kwenye orodha, na wanawake wanatazama chini. Saa sita mchana hakuna anayemwita mtu kwa jina pale kambini. Ukimtaka mtu, unamfuata ukamguse bega.

Mwezi uliopita Bokungu alirudi na karatasi ya uhamisho. Kisangani. Émerence alimweleza yote, kwa mara ya kwanza alimtajia jina la Constant, na Bokungu akasema amri ni amri. Lori likaja alfajiri. Wakapakia vitanda, masufuria, magodoro. Émerence alikaa juu ya mizigo na Bibiche kando yake tangu asubuhi, akingoja dereva apate mafuta. Mafuta yalipatikana saa sita. Injini ikawaka, lori likaanza kusogea.

Kwa kuchanganyikiwa, akasahau. Akageukia mtoto.

"Bibiche, umeikala muzuri?"

Bibiche alimtazama. Mdomo umefungwa. Mashavu yamepauka.

"Mama," ikaitika sauti ya Bibiche, kule kwenye miti.

Na nyuma yake nyingine, ndogo zaidi, ambayo Émerence hakuwa ameisikia kwa miaka kumi.

"Mama, munaenda tena?"

Alimkumbatia Bibiche akashuka naye, mzima mzima, bila kungoja lori lisimame sawasawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mti, akaketi chini, akaegemea shina. Baada ya muda Bibiche akaomba maji ya kunywa, kwa mdomo wake mwenyewe. Bokungu alikwenda Kisangani peke yake.

Kabla ya kuondoka alimletea fundo la nguo. Émerence aliposimama kulipokea, Bokungu akakiona kitenge cha mkewe kwa nyuma, chini kidogo ya magoti, pale mtoto mdogo anapomshika mama yake asimwache. Palikuwa na viganja viwili vyeupe vya pemba, vidogo, bado vibichi. Na Bibiche alikuwa amekaa mbele ya mama yake, mikono yake misafi.

Émerence amekifua kile kitenge kwa sabuni, akakifua kwa jivu. Viganja vipo.